Ofa kwa mgeni, bili kwa mwenyeji: kisa cha laini ya miaka 17

Shangazi yangu ana laini moja tangu enzi za simu za vitufe. Miaka 17, namba ile ile, kampuni ile ile. Wajukuu zake waliishika namba hiyo kwa kichwa kabla hawajajua kuandika majina yao. Hajawahi kuchelewesha bili wala kupiga huduma kwa wateja ili agombe, na mtandao ulipokatika alisubiri urudi. Ungedhani mteja wa namna hii ndiye anayetundikiwa picha ukutani.

Kampuni sitaitaja. Ningeweza kubandika hapa jina la karibu kampuni yoyote ya simu na kisa kisibadilike sana. Fedha nazo nimezigeuza vipande, ili tusipotee kwenye sarafu: bili yake ya mwezi naihesabu kuwa vipande 10, na kila kiasi kingine humu kinapimwa kwa hiyo.

Alikuwa kwenye mkataba wa malipo ya baada wa miezi 24. Kati ya vipande 10, vinne vilikuwa vya huduma, yaani dakika, ujumbe na data. Sita vilikuwa vya simu janja aliyokabidhiwa siku ya kusaini. Mgawanyo huo haukuandikwa popote kwenye bili, ambayo ilikuwa na mstari mmoja tu: "malipo ya mwezi". Mimi niliupata baadaye kwa kutazama bei ya kifurushi kile kile kinapouzwa bila simu. Miezi 24 ikaisha, simu ikawa imelipwa yote. Mwezi wa 25 bili ikaja ya vipande 10. Wa 26 vilevile. Ikaendelea hivyo hadi mwezi wa 43.

Kilichomzindua si bili. Ni binti wa jirani, aliyejiunga na kampuni hiyo hiyo kwa vipande 8, akapewa simu mpya na data mara mbili ya ile ya Shangazi. Shangazi akavaa, akaenda dukani kwao.

"Shikamoo mama. Hiyo ofa ni ya wateja wapya tu," kijana wa kaunta alimwambia.

"Marahaba. Na sisi wa zamani?"

Kijana alitazama kompyuta, akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mama, kwa kweli ingekuwa rahisi ununue laini mpya."

Shangazi alirudi nyumbani amenuna siku nzima. Mimi ushauri ule ulinivutia. Kijana hakuwa na dharau, alikuwa anamsaidia. Ndani ya mfumo wa kampuni yake, njia pekee ya mteja wa miaka 17 kutendewa vizuri ni kujifanya hajulikani. Ila laini mpya ni namba mpya, na namba ya simu siku hizi si ya kupigiwa tu. Benki hutuma namba za uthibitisho humo, hospitali hutuma tarehe za miadi humo, na nusu ya akaunti zake za mtandaoni zinafunguka kwa namba hiyo. Kuitupa ni kama kuhama nyumba bila kumwambia mtu.

Simu tatu

Tulipiga huduma kwa wateja mara tatu, mimi nimekaa pembeni na daftari.

Mara ya kwanza aliomba kwa adabu. Alitaja miaka yake 17, akaeleza ofa aliyoiona, akauliza kama wa zamani nao wanafikiriwa. Akaambiwa utaratibu hauruhusu. Kwaheri.

Mara ya pili nilimwambia asiombe chochote, aulize swali moja: mkataba wangu uliisha lini? Mhudumu alikaa kimya kidogo, kisha akataja tarehe. Hapo ndipo tulipojua kwamba imepita miezi 19.

"Kwa hiyo hii simu bado nadaiwa?"

"Hapana mama, simu ni yako."

"Sasa nalipia nini?"

"Ni malipo ya kifurushi chako, mama."

Hakudanganya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mkataba ulisema kwamba muda ukiisha huduma itaendelea "kwa masharti yaleyale" hadi mteja atakapotoa taarifa, na bei ni sehemu ya masharti.

Mara ya tatu alisema maneno mawili: "Nataka kuhama."

Sauti ya upande wa pili ilibadilika. Akaunganishwa na dawati jingine, safari hii bila muziki wa kusubiri, na ndani ya dakika chache akawekewa mezani punguzo la asilimia 30. Angelipa vipande 7 badala ya 10, kwa mkataba mpya wa miezi 24, akiendelea na simu yake ile ile. Shangazi aliziba simu kwa kiganja, akanigeukia akitabasamu. Alikuwa ameshinda.

Nilimwomba awaambie atawapigia kesho.

Hesabu ya upande wetu

Jioni ile tulikaa na kalamu. Miezi 19 mara vipande 6 vya simu iliyokwisha kulipwa ni vipande 114. Simu yenyewe, kwa miezi yake 24, ilimgharimu 144. Kwa maneno mengine alikuwa ameshalipia karibu sehemu nne kati ya tano za simu ya pili ambayo hakuwahi kuishika mkononi.

Na lile punguzo? Huduma anayotumia thamani yake ni vipande 4. Kulipa 7 bila simu mpya ni kuzidisha vipande 3 kila mwezi, na kwa miezi 24 ni vipande 72. Dawati la kuzuia wateja wasihame lilimpa kama hisani kitu ambacho kingemtoa zaidi ya bili saba nzima za zamani. Uzuri wa ofa ile ulitegemea yeye kuilinganisha na 10. Mtu akiilinganisha na 4 inageuka kuwa tusi.

Hapa ndipo nilipoona kwamba Shangazi alikuwa akikasirikia jambo jingine kabisa. Kilichomuuma ni binti wa jirani: mgeni kapewa zaidi ya mwenyeji. Lakini ofa ya binti yule ilimzidi kwa vipande 2 kwa mwezi na data kidogo. Upotevu mkubwa ulikuwa ndani ya bili yake mwenyewe, vipande 6 kila mwezi, na ungekuwapo hata kama kampuni isingepata mteja mpya hata mmoja. Malalamiko mengi ninayosikia kuhusu kampuni za simu huyachanganya mambo haya mawili. Punguzo la mgeni ni biashara: linakera, lakini linatetewa. Kumlipisha mtu kitu alichomaliza kukilipia ni jambo la aina nyingine.

Hesabu ya upande wao

Tuwape haki yao, maana hesabu yao haina kosa.

Chukua wateja 100 wa zamani, kila mmoja analipa 10. Tuseme 10 kati yao wako tayari kuhama. Kampuni ikikaa kimya, 10 wanaondoka na inabaki na 90, mapato 900. Ikiwapa wote punguzo la kufika 7, hakuna anayeondoka, lakini mapato ni 700. Ikisubiri, ikawapa punguzo wale 10 tu watakaopiga simu kusema wanahama, inapata 900 na 70, jumla 970.

Mia saba, mia tisa, mia tisa sabini. Hakuna mkurugenzi wa fedha atakayechagua 700 ili kuwashukuru watu ambao hawakuwa wanaenda popote. Hata ule msemo unaorudiwa kwenye semina za masoko, kwamba kumtunza mteja ni nafuu kuliko kumtafuta mpya, hauwasaidii watu kama Shangazi. Kumtunza ni nafuu kwa sababu hagharimu kitu. Miaka 17 ya utulivu kampuni haikuisahau, iliisoma vizuri sana, na ikasoma humo kwamba huyu hatapiga simu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kampuni za simu zimerefusha tu siku mbili zikawa miezi 24. Binti wa jirani naye jembe lake liko stoo, linamsubiri.

Wachumi wamelichunguza hili kwa muda mrefu. Paul Klemperer wa Oxford aliandika mwaka 1987 kuhusu masoko ambamo kuhama kuna gharama: kampuni hugombania mteja mpya kwa bei ya chini, kisha hujirudishia gharama hiyo kwa mteja aliyekwisha kufungwa. Gharama anayoizungumzia si fedha tu. Ni foleni, ni fomu, ni hofu ya kukaa siku mbili bila mtandao, ni kuzoea menyu mpya. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kweli halimalizi. Linakula kiasi ambacho hutainuka kwenye kiti kwa ajili yake.

Dawa zilizojaribiwa

Dawa ya kwanza ilikuwa kumruhusu mtu kuhama na namba yake. Singapore ilianza mwaka 1997, Uingereza na Hong Kong zikafuata 1999, Marekani Novemba 2003, Kenya 2011, Tanzania 2017. Ni hatua kubwa, na bila hiyo kisa hiki kingeishia kwenye ule ushauri wa kijana wa kaunta. Ila mengi yanategemea nani anaongoza zoezi. Pale unapolazimika kwenda kwa kampuni ya zamani kuomba kibali, unawapa nafasi ya kukupigia, kukubembeleza na kukuchelewesha. Pale kampuni mpya inaposhughulikia yote, wa zamani anapata habari ukiwa umeshaondoka. Sheria ya mawasiliano ya Umoja wa Ulaya ya 2018 ilichagua njia hiyo ya pili. Uingereza ilibaki na msimbo wa kuhama unaotolewa na kampuni ya zamani, lakini tangu Julai 2019 unaupata kwa kutuma ujumbe mfupi, huhitaji kuongea na mtu.

Uingereza ndiko suala hili lilikotolewa hadharani kwa kishindo. Mwaka 2017 Citizens Advice, shirika linalowashauri wananchi, lilionyesha kwamba kampuni tatu kati ya nne kubwa ziliendelea kutoza fedha za simu baada ya mkataba kuisha. Ya nne, O2, ilikuwa imeanza tangu 2013 kuuza mikataba inayotenganisha mkopo wa simu na bili ya huduma, kwa hiyo deni la simu likiisha, linaisha lenyewe. Ule mstari mmoja kwenye bili ya Shangazi ungekuwa miwili tu, hiki kisa nisingekuwa nacho.

Septemba 2018 shirika hilo lilipeleka lalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, CMA, aina ya lalamiko ambalo kisheria lazima lijibiwe ndani ya siku 90. Lilihusu masoko matano: simu za mkononi, intaneti ya nyumbani, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akaunti za akiba. Makadirio yalikuwa kwamba wateja waaminifu wanalipa ziada ya takribani paundi bilioni 4 kwa mwaka. Jibu lilitoka Desemba hiyo hiyo, na kilichofuata kinafundisha kwa sababu masoko hayo hayakutendewa sawa. Kwenye bima ya nyumba, na ya magari pia, msimamizi wa sekta ya fedha alipiga marufuku moja kwa moja: tangu tarehe 1 Januari 2022, anayehuisha bima haruhusiwi kutozwa zaidi ya ambavyo angetozwa kama mgeni. Kwenye simu, Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitosheka na taarifa na ahadi. Tangu Februari 2020 kampuni lazima ikuandikie kati ya siku 10 na 40 kabla mkataba haujaisha, ikutajie bei utakayolipa baadaye na ofa zake bora, zikiwemo zile za wateja wapya. Kampuni kadhaa zikaahidi kushusha bili za waliopitisha muda.

Mtu atauliza, kwa nini simu nazo zisiwekewe marufuku kama bima? Korea Kusini walijaribu jambo la karibu na hilo. Oktoba 2014 ilianza kutumika sheria ya ruzuku za simu, yaani fedha ambazo kampuni humchangia mteja kwenye bei ya simu: kampuni itangaze ruzuku yake hadharani na isimbague anayehamia, anayejiunga upya na anayebaki na namba yake. Kabla ya hapo ruzuku zilikuwa vurugu, simu ile ile inauzwa bei tofauti kwa watu wawili siku moja, na anayehama alipata nono. Sheria iliweka pia kikomo cha ruzuku kwa simu mpya, kilichodumu hadi 2017. Usawa ulipatikana kwa kiasi fulani, lakini ruzuku zilipungua kwa wote, na lawama za wanunuzi zikawa kwamba sheria imehakikisha kila mtu ananunua kwa bei ghali. Julai 2025 ikafutwa.

Kilichobaki baada ya kufutwa ndicho kinachonipendeza. Mteja asiyechukua ruzuku ya simu alikuwa na haki ya punguzo kwenye bili ya huduma, lililoanza asilimia 12 na kufika 25 mwaka 2017. Punguzo hilo lilihifadhiwa. Linamhusu hasa mtu kama Shangazi: mwenye simu yake mkononi, asiyetaka nyingine.

Ndiyo maana siwezi kuidai kampuni impe kila mtu ofa ya mgeni. Ukiwalazimisha wawe sawa, njia rahisi ni kuwanyang'anya wote. Nchini Marekani kampuni ya simu ya AT&T iliamua bila kulazimishwa, mwishoni mwa 2020, kuwapa wateja wa zamani ofa zile zile za simu zilizokuwa za wapya. Ni uamuzi wa maana, ila mwaka uliofuata punguzo la simu likaanza kugawanywa kwenye malipo ya miezi 36. Ukiondoka mapema, punguzo lililobaki unaliacha. Usawa huo nao una kamba.

Ninachokidai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi kukikataa: mistari miwili kwenye bili, na mstari wa simu ufe siku simu inapokwisha kulipwa.

Tulivyomaliza

Hatukupiga tena kesho yake. Tuliandika barua ya malalamiko, ukurasa mmoja, bila kutaja miaka 17 wala binti wa jirani. Ilikuwa na tarehe ya kusaini, tarehe ya kuisha, miezi 19, vipande 6, jumla 114, na maombi ya kurudishiwa. Nilimshawishi Shangazi aondoe aya yote ya uaminifu, na haikuwa rahisi, maana ndiyo aliyoipenda. Lakini mtu anayesoma malalamiko mia kwa siku, uaminifu ataujibu kwa pole. Tarehe hawezi kuijibu kwa pole.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Walikataa deni, wakarudisha vipande 12 "kwa nia njema na bila kukiri kosa". Hiyo ni miezi miwili kati ya 19. Tungeweza kwenda mbele kwa mamlaka ya mawasiliano, na fomu nilishaichukua. Shangazi alisema amechoka. Sikumlaumu, ingawa najua uchovu huo nao umo kwenye hesabu za mtu fulani.

Akahama na namba yake, kwenda kwenye kifurushi kisicho na simu wala mkataba mrefu, vipande 4 kwa mwezi na data mara mbili. Alipoomba tu msimbo wa kuhama, simu yake iliita kabla ya chakula cha jioni. Msichana mwenye sauti nzuri alimwambia kwamba kampuni inamthamini sana kama mteja wake wa miaka 17. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kutoka kule kuitaja miaka hiyo.

"Mwanangu," Shangazi alimjibu, "hiyo miaka yote mlikuwa mnaiona wapi?"

Wiki tatu baadaye uliingia ujumbe kutoka kampuni ile: arudi, ana sifa ya kupata ofa ya wateja wapya. Alinionyesha, akacheka, akaniuliza ile ofa inamalizika lini. Nilimtajia tarehe, akaenda ukutani akaizungushia duara kwenye kalenda.